Kadi ya sauti ya gitaa ya zamani kwenye Linux: mwongozo kamili kutoka Lamu

Mpwa wangu alinijia barazani na kopo la Blue Band. Ndani yake mlikuwa na vidude viwili vilivyoviringishiwa waya: TonePort UX1, kadi ya sauti ya gitaa ya kampuni ya Line 6, aliyoachiwa na mgeni mmoja wa Shela alipokuwa akirudi kwao, na kiunganishi kidogo cha gitaa kisicho na jina, kile chenye tundu la jeki upande mmoja na USB upande wa pili.

"Mjomba, hivi vimekufa."

"Nani kakwambia?"

"Nimevijaribu kwenye kompyuta ya hoteli. Haivioni."

Kabla ya adhana ya magharibi vyote viwili vilikuwa vikirekodi kwenye ThinkPad X220 yangu, laptopu ya mwaka 2011 niliyoinunua mtumba, inayoendeshwa na Debian, moja ya matoleo ya Linux. Kimoja kilikuwa na waya mbovu tu. Kingine kilikuwa kizima tangu mwanzo, ila hakuna aliyekiuliza kwa lugha yake.

Kadi ya sauti ya USB ikizeeka, kwa kawaida kinachotangulia kufa ni draiva yake (programu inayoitambulisha kwa kompyuta) ya Windows au ya Mac. Mfumo unapanda toleo, draiva inabaki nyuma. Kwenye Linux draiva za vifaa vingi vya aina hii zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na husafiri pamoja nayo. Kwa hiyo usianze kuzunguka mitandaoni ukitafuta draiva. Tafuta namba ya kifaa, kisha uone kerneli inakijua kama nani. Mengine yote hapa chini yanafuata kutoka kwenye namba hiyo.

Chumvi kwanza

Sisi tunaokaa kisiwani hatuna budi kuanza na kutu. Upepo wa kusi ukivuma miezi kadhaa, kila chuma kilichoelekea baharini hupata ukungu wa kijani, na tundu la USB ni chuma. Chukua tochi, angalia ndani ya tundu la kifaa. Ukiona vipini vimefanya weusi au ukijani, tia spiriti ya isopropili (ya asilimia 90 kwenda juu, si ile ya kupaka mwilini yenye mafuta na manukato) kwenye mswaki laini, sugua polepole, acha ikauke kabisa. Siki usitumie: inang'oa kutu leo na kuileta maradufu kesho. Tundu la jeki la gitaa linasafishwa kwa kuchomeka na kuchomoa jeki iliyoloweshwa spiriti mara kumi hivi.

Waya wa USB uwe mfupi, mita moja au mbili. Kama una waya wa printa unaofanya kazi, jaribu nao kabla ya kulaumu kitu kingine.

TonePort ya mpwa wangu iliponea hapo. Nilifungua terminali (dirisha la kuandikia amri), nikaandika:

sudo dmesg -w

kisha nikachomeka. Skrini ikatema mstari mmoja mara tatu: *device descriptor read/64, error -71*. Namba hiyo, -71, ni kosa la itifaki: kompyuta imehisi kuna kitu kimechomekwa, imekiuliza jina, imejibiwa takataka. Tisa kati ya kumi ni waya, tundu au umeme mdogo. Nikabadilisha waya. Mstari ukatoweka, na mahali pake pakaja jina la Line 6. Ukiona -110, hiyo ni kusubiri jibu mpaka muda ukaisha, na tiba zake ni zile zile: waya mwingine, tundu jingine, au habu (kigawanya matundu ya USB) yenye umeme wake.

Kwa habari ya matundu: kama laptopu yako ina tundu la kawaida la USB 2.0, vifaa vya zamani vipe hilo. Lile la buluu la USB 3.0 aghalabu hufanya kazi vizuri, lakini kuna vifaa vya miaka ya 2000 vinavyogombana nalo, na habu ya kawaida ya USB 2.0 ikiwekwa katikati mara nyingine huondoa ugomvi.

Mfumo gani wa kuweka

Usiumize kichwa hapa. Debian, Ubuntu Studio, Fedora, zote zina kerneli ile ile. Intaneti yetu ni ya kununua kwa bando, kwa hiyo mimi hupendelea Debian ya kusakinisha kupitia mtandao: faili lake halifiki GB 1, kisha unavuta unachohitaji tu. Ubuntu Studio ni nzito kuishusha lakini inakuja na zana za muziki zikiwa tayari, na inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwa anayetaka kujua tu kama kifaa chake kinasikika, flashi inatosha.

Soma namba

Kifaa kikiwa kimechomekwa, andika:

lsusb

Kile kiunganishi kisicho na jina kilijitambulisha hivi: *ID 08bb:2902 Texas Instruments PCM2902 Audio Codec*. Tarakimu nne za mwanzo ni za mwenye chipu, nne za mwisho ni za chipu yenyewe. 08bb ni Burr-Brown, kampuni iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2000. Chipu ya PCM2902 na ndugu zake zimejaa kwenye vifaa vya bei nafuu, mpaka kwenye UCA202 ya Behringer. Ndiyo maana kiboksi hakina jina la maana juu lakini ndani kina ukoo unaojulikana.

Namba nyingine utakazokutana nazo upande wa gitaa: 0e41 ni Line 6, 0763 ni M-Audio, 0582 ni Roland (pamoja na Boss na Edirol), 17cc ni Native Instruments, 1604 ni Tascam wa zamani. Ziandike pembeni. Kutoka hapo kifaa chako kitaangukia katika moja ya hali tatu.

Ya kwanza ni raha tupu. Kifaa kinafuata kanuni ya sauti ya USB, ile ya kwanza ya mwaka 1998 au ya pili ya mwaka 2006, na moduli ya kerneli (ndiyo draiva yake) iitwayo snd-usb-audio inakipokea bila kuulizwa. PCM2902 imo humu. Vifaa vingine vina swichi: Edirol UA-25, kwa mfano, ina swichi ya Advance, na ikizimwa kifaa kinajishusha kuwa cha kawaida kabisa, biti 16 kwa 44.1 kHz. Ukikwama na kifaa chenye swichi kama hiyo, izime, chomoa, chomeka tena.

Ya pili ni vifaa vyenye lugha yao, lakini kerneli imejifunza lugha hiyo. Line 6 ndio mfano mkubwa: kuna snd-usb-toneport kwa TonePort, snd-usb-pod kwa POD za zamani, snd-usb-podhd kwa POD HD, na snd-usb-variax kwa gitaa la Variax. Draiva hizi zilikaa miaka kwenye sehemu ya majaribio ya kerneli kabla ya kuhamishiwa kwenye safu rasmi ya sauti mwaka 2015. Native Instruments nao wana snd-usb-caiaq, inayobeba Rig Kontrol na Guitar Rig Session. Huna la kufanya zaidi ya kuthibitisha kwamba moduli imepakiwa:

lsmod | grep snd_usb

Ya tatu inahitaji subira. Kuna vifaa vinavyozaliwa upya kila vikichomekwa: ndani havina programu yoyote, vinasubiri kompyuta ivipelekee fimwea, yaani programu hiyo ya ndani. Tascam US-122, US-224 na US-428 ni wa kundi hili. Utaijua hali kwa namba: US-122 isiyo na fimwea ni 1604:8006, na ikishakunywa fimwea inakuwa 1604:8007. Ukiona 8006 inabaki 8006, hakuna haja ya kuangalia sauti, bado haijaamka. Unahitaji fxload na zana za kupakia kutoka alsa-tools (kwenye Debian pakiti inaitwa alsa-firmware-loaders, iko kwenye tawi la contrib), na fimwea yenyewe kutoka alsa-firmware ya mradi wa ALSA (mfumo wa sauti wa Linux). Transit ya M-Audio inafanana nayo, ila mpakiaji wake ni madfuload. Usichanganye US-122 na US-122L: ya pili ina moduli yake, snd-usb-us122l.

Irekodi kwa mikono mitupu

Watu wengi hukimbilia Ardour (programu ya kurekodi) au guitarix (amplifaya ya gitaa ndani ya kompyuta) papo hapo, kisha kisiposikika kitu hawajui kosa liko wapi. Jaribu kwanza bila programu yoyote ya muziki. Orodhesha kadi:

cat /proc/asound/cards

Kiunganishi chetu kilitokea kikiwa na jina CODEC ndani ya mabano ya mraba. Lishike jina hilo, si namba iliyo mbele yake. Namba hubadilika ukiwasha kompyuta kifaa kikiwa kimeshachomekwa, jina halibadiliki. Halafu uliza kifaa kinaweza nini:

cat /proc/asound/CODEC/stream0

Hapo utasoma kasi za sampuli (vipimo vya sauti kwa sekunde), idadi ya chaneli na biti. Haya ni maneno ya kifaa chenyewe, yaamini kuliko kilichoandikwa kwenye boksi. Sasa rekodi sekunde kumi:

arecord -D hw:CODEC -f S16_LE -r 48000 -c 2 -V stereo -d 10 jaribio.wav

Piga gitaa. Mistari ya kipimo cha sauti itapanda na kushuka chini ya terminali. Ikiambiwa kifaa kina shughuli, kuna programu nyingine imekikalia; fuser -v /dev/snd/* itakutajia ni nani. Ikikataa kasi, rudi kwenye stream0 na uweke kasi iliyotajwa pale.

Kama kipimo hakipandi, fungua alsamixer -c CODEC na ubonyeze F4 kuona upande wa kurekodi. Kwa PCM2902 itakwambia kifaa hakina vidhibiti vya kurekodi. Usiogope, ni kweli hakina: chipu ile ina kidhibiti cha sauti inayotoka tu. Kiwango cha gitaa unakirekebisha kwenye gitaa lenyewe.

TonePort ilitusumbua dakika ishirini hapa. Imetambulika, inarekodi, lakini kimya kama kaburi. Nikaandika amixer -c TonePortUX1 contents, na katikati ya orodha nikaona kidhibiti kiitwacho *PCM Capture Source* kikiwa kimeelekezwa kwenye maikrofoni. Gitaa lilikuwa likipigwa mlangoni, sikio liko dirishani.

amixer -c TonePortUX1 cset name='PCM Capture Source' Instrument

Mpwa wangu aligusa uzi wa chini na kipimo kikaruka. Ukisharidhika, sudo alsactl store inahifadhi mpangilio.

Jambo moja usilitegemee kutoka TonePort: zile sauti za amplifaya zilikuwa zikitengenezwa na programu ya GearBox ndani ya kompyuta, si ndani ya kiboksi. Kwenye Linux utapata gitaa kavu, na sauti utaipika mwenyewe. POD XT ni tofauti, yenyewe inapika ndani. Lakini ina kichaa chake: kasi yake ya sampuli ni 39062.5 Hz, si 44100 wala 48000. Kwa arecord tumia plughw badala ya hw ili mfumo ubadilishe kasi wenyewe.

Kwa nini udi unasikika kama umo ndani ya kopo

Huku kwetu si wote wanaopiga gitaa la umeme. Wapo wenye udi na gambusi waliobandika pikapu ya piezo (inayohisi mtetemo) chini ya daraja, na malalamiko yao ni mamoja: sauti imekufa chini, imebaki wembamba tu. Watu hulaumu kadi. Mara nyingi kosa ni tundu walilochomeka.

Pikapu isiyo na betri ni chanzo dhaifu. Inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1, ili isielemewe. Tundu la laini la kawaida lina kiloomu 10 hivi, mara mia chini ya hapo. Ukichomeka pikapu ya sumaku humo, sauti za juu zinaliwa, kana kwamba gitaa limefunikwa blanketi. Ukichomeka piezo, ni sauti za chini zinazotoroka na kubaki kelele nyembamba kama ya kopo. Kwa hiyo blanketi ni dalili ya sumaku, kopo ni dalili ya piezo. Kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa ina tundu lake maalumu. Kadi ya kawaida kama UCA202 haina, na hapo weka katikati kiboksi chochote cha miguu chenye betri. Hata pedali ya kawaida, mradi ina bafa ndani (sakiti ya kuipa ishara nguvu), inafaa ikiwa imezimwa. Piezo peke yake ni heri upate kikuza-sauti chake kidogo kabisa.

Ucheleweshaji

Hapa ndipo penye utamu na uchungu. Kompyuta inakusanya sampuli kwenye bafa (hapa ni kumbukumbu ya muda, si sakiti ya pedali) kabla ya kuzitoa. Bafa kubwa, unapiga sasa unasikia baadaye. Bafa ndogo, kompyuta inashindwa kukimbizana na sauti inakatikakatika.

Hesabu ni nyepesi: sampuli 128 kwa kasi ya 48000 ni milisekunde 2.7. Kwa vifaa vya USB weka bafa tatu badala ya mbili, jumla milisekunde 8. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo 8 ni sawa na kusimama mita mbili na robo tatu kutoka kwa amplifaya yako. Hakuna atakayelalamika. 256 mara tatu ni 16, bado panapigika kwa taratibu. Nikifika 1024 mimi huacha kupiga, ni kama kuimba ukijibiwa na mwangwi wa msikiti.

Kabla ya kushusha bafa, ipe sauti kipaumbele. Kwenye Debian:

sudo dpkg-reconfigure -p high jackd2
sudo usermod -aG audio $USER

Jibu ndiyo kwenye swali la kipaumbele, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Hatua hii ya kutoka na kuingia ndiyo inayosahauliwa zaidi. Watu hurudi wakisema haijabadilika kitu, kumbe hawajatoka.

Njia ya zamani ni JACK, programu inayosimamia sauti kati ya kadi na programu nyingine:

jackd -R -d alsa -d hw:CODEC -r 48000 -p 128 -n 3

Kwa TonePort badilisha jina na uweke -r 44100, kasi nyingine haitaki. Njia ya sasa ni PipeWire, ambayo Fedora imeifanya chaguo lake la msingi tangu mwaka 2021. Fungua pavucontrol, sehemu ya mipangilio ya vifaa, chagua wasifu wa Pro Audio kwa kadi yako, kisha:

PIPEWIRE_LATENCY=128/48000 pw-jack guitarix

na kwenye terminali nyingine washa pw-top. Safu ya ERR ndiyo ya kuangalia. Ikipanda moja mbili unapofungua programu, si neno. Ikipanda kila sekunde, ongeza bafa mpaka 256, funga kivinjari, zima waifai, na uweke prosesa kwenye mwendo wa juu kwa sudo cpupower frequency-set -g performance. X220 yangu inakaa 128 bila shida ikiwa guitarix peke yake inakimbia. Nikiweka ngoma za programu ya Hydrogen pembeni napanda 256.

Kosa moja la kuepuka: usiingize gitaa kwenye kadi ya USB na kusikiliza kwenye spika za laptopu. Hizo ni saa mbili tofauti, na baada ya dakika chache zitapishana na kuanza kukwaruza. Kama kadi ina tundu la hedifoni, sikiliza hapo hapo.

Gitaa likisikika sikio moja tu, usiifungue kadi. Vifaa hivi aghalabu huingiza gitaa kwenye chaneli moja ya stereo. Kwenye qjackctl, programu ya kuunganisha njia za JACK, unganisha capture_1 na guitarix, halafu matokeo yake mawili peleka playback_1 na playback_2.

Mvumo

Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, chomoa chaja ya laptopu. Umekwisha? Basi ni umeme wa ukutani, hertzi 50, unaoingia kupitia chaja isiyo na ardhi. Nyumba zetu za mawe zina nyaya za kila enzi, na soketi yenye matundu matatu si dhamana kwamba la tatu limeunganishwa popote. Rekodi kwa betri. Ikiwa mvumo unabadilika ukigeuza gitaa, ni pikapu inanusa chaja ya simu au taa, sogea.

Mlio mwembamba unaofuata mwendo wa kipanya ni uchafu wa umeme wa USB. Habu yenye umeme wake mara nyingi huukata. Na kadi ikipotea ghafla katikati ya wimbo kisha ikarudi, huenda kerneli imeilaza ili kuokoa betri. Ongeza usbcore.autosuspend=-1 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, endesha sudo update-grub, anzisha upya.

Vidude vya mpwa wangu vimerudi kwenye kopo lile lile, kila kimoja na waya wake uliofungwa kwa utepe ulioandikwa kwa kalamu jina la kadi: CODEC, TonePortUX1. Chini ya kopo tumeweka vifuko vinne vya vile vipira vinavyonyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu. Vinakaushwa juani kila baada ya wiki chache, na msimu wa kusi kila wiki.